Tuangalie saa kabla ya kutafuta maji ya sukari

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa gari la wagonjwa hapa Moshi. Wiki iliyopita tuliitwa soko la Mbuyuni. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa amelazwa chali juu ya magunia, mdomo umevutwa kushoto, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa kilicholowa. Wenzake, kwa huruma kabisa, walikuwa wakimnywesha maji ya sukari. Mengine yalimtoka pembeni ya mdomo, mengine yalimpalia. Walisema kapitiwa na upepo mbaya, wakangoja atulie. Kumbe ni kiharusi kilichoanza asubuhi, nasi tuliitwa mchana.

Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, ila kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba damu haijavuja kwenye ubongo. Ndiyo maana swali letu la kwanza huwa: alikuwa mzima mara ya mwisho saa ngapi? Pale sokoni hakuna aliyejua.

Mwambieni mtu atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje jina lake. Akishindwa hata kimoja, mlazeni kwa ubavu, msimpe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Viongozi wa masoko na vijiwe vya bodaboda, tuiteni tuje kuwaonyesha watu wenu. Hata Jumapili baada ya ibada tutakuja.

Mhudumu wa dharura,
Moshi