Kwa mpwa wangu anayetaka kuchora nyuso kwa rangi za mafuta

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniandikia kutoka Jinja kwamba unasita kunakili mchoro wa mchoraji mahiri wa zamani, kwa kuwa umeambiwa kunakili huua kipaji. Hoja hiyo si ngeni kwetu. Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea sanaa Makerere na mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alisisitiza kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi, nami naiheshimu kauli hiyo, maana inamtaka msanii aone kwa macho yake. Hata hivyo, anayenakili ili ajifunze si sawa na anayenakili ili auze, na mkono usiozoea rangi za mafuta hauwezi kusema kile ambacho macho yameona.

Nakushauri uchague picha ya Juan de Pareja, ambayo Diego Velázquez, mchoraji wa Kihispania, aliichora Roma mwaka 1650 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art, New York. Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika, alikuwa mtumwa wa Velázquez. Mwaka huohuo aliandikiwa hati ya uhuru, na baadaye akawa mchoraji anayejitegemea. Uso wake ni wa kahawia, na hapo ndipo penye faida kubwa kwako. Mafunzo mengi huanza na ngozi nyeupe, kisha mwanafunzi wetu anapomchora mzazi wake hutia kivuli cha shavu kwa rangi nyeusi tupu, na uso ukawa kama uliopakwa masizi.

Jumba hilo la New York linaruhusu picha ipakuliwe bure ikiwa kubwa na safi. Nakili uso na ukosi mweupe tu. Usipake mafuta juu ya amerikani isiyopigwa gundi na rangi ya msingi, kwa sababu mafuta hula nyuzi. Tangulia na vivuli kwa kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha endelea kwa nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeusi kidogo.

Unapofika kwenye paji la uso, nenda taratibu. Mwanga wa pale si nyeupe: ni kahawia iliyoinuliwa hatua kwa hatua, na rangi huwa nzito pale mwanga unapogonga, ilhali vivulini ni nyembamba. Fumba macho nusu utazame nywele: ukingo wake unayeyukia katika rangi ya nyuma, na ukiuchora kwa mstari mkali kichwa kitaonekana kimebandikwa.

Rangi hizi hukauka kwa kuvuta oksijeni, si kwa maji kuvukizwa, kwa hiyo kila tabaka lipe siku zake, na tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Matambara yenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo katika rangi hizi, yatandaze nje. Yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Nyuma ya kitambaa andika wazi kwamba ni nakala ya Velázquez.

Nakala ikikauka, mketishe mama yako karibu na dirisha, mwanga umpate upande mmoja, umchore kwa rangi hizohizo tano. Kisha nitumie picha zote mbili, na ile ya mama yako ndiyo nitakayoitazama kwanza.

Mjomba wako