Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafanyakazi wa Chuo

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka yale ambayo kamati tendaji imeyafanya kwa niaba yao, yale iliyoshindwa kuyafanya, na yale yanayobaki mbele. Natimiza wajibu huo kwa taarifa hii. Nitaanza na jambo lililotuchukulia muda mrefu kuliko mengine yote, nalo ni namna habari za nafasi za kazi, mafunzo na vyeo zinavyowafikia wafanyakazi wa chuo hiki, au zinavyowapita.

Chanzo chake wengi mnakikumbuka. Mwanzoni mwa mwaka mwanachama mmoja, fundi wa maabara, alifika ofisini kwetu na karatasi mkononi. Lilikuwa tangazo la udhamini wa masomo kwa mafundi, lenye sahihi na muhuri, na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imepita kwa siku mbili. Lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa jengo la utawala, nyuma ya kioo kinachofungwa kwa ufunguo, na nusu yake ilikuwa imefunikwa na ratiba ya mitihani. Maabara iko upande wa pili wa chuo, na mtu anayeingia kazini kabla ya wanafunzi na kutoka baada yao hana sababu ya kupita jengo la utawala isipokuwa siku ile ana barua ya kupeleka masjala. Hakuna aliyemficha habari ile. Ndiyo maana naona kisa chake kinastahili kuelezwa hapa: mwenzetu alikosa nafasi bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu, na utaratibu unaoruhusu hivyo ni mbovu hata kama kila anayeusimamia ana nia njema.

Kamati ilipofuatilia ilikuta kwamba tatizo halikuwa la ubao mmoja. Matangazo mengi hutumwa kwa barua pepe kwa wakuu wa idara, kisha hutegemea kumbukumbu ya mkuu wa idara mwenye shughuli nyingi. Walinzi, wahudumu, madereva na watunza bustani hawana anwani za barua pepe za chuo kabisa. Nafasi za kukaimu nazo hujazwa kwa mazungumzo ya mdomo, na aliyekaimu kwa muda mrefu, cheo hicho kinapotangazwa hatimaye, huingia kwenye usaili akiwa na uzoefu ambao wenzake hawakupewa fursa ya kuupata. Hili la kukaimu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ushindani unakuwa umekwisha kabla ya tangazo kuandikwa, na wale wanaojaza fomu kwa matumaini hawajui.

Tulipokutana na menejimenti tulisimama juu ya Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1958, unaohusu ubaguzi katika ajira na kazi. Mkataba huo haukuishia kwenye mshahara na kufukuzwa. Unasema wazi kwamba ajira na kazi ni pamoja na kuyafikia mafunzo ya ufundi, kuifikia ajira yenyewe, na masharti ya kazi. Neno la kuzingatia hapo ni kufikia. Mwajiri hawezi kusema kwamba nafasi ilikuwa wazi kwa wote ilhali sehemu ya wafanyakazi wake hawakuwa na njia ya kujua kwamba ipo. Nashukuru kusema kwamba hoja hiyo ilisikilizwa kwa makini, na mazungumzo yalikwenda kwa heshima tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulikubaliana kwamba kila tangazo la nafasi ya ndani, la mafunzo au la udhamini litakaa wazi kwa muda usiopungua siku 14, litaonyesha siku lilipobandikwa na ofisi ya kuulizia, na litawekwa kwenye mbao zote, pamoja na kibanda cha walinzi, karakana na stoo ya vifaa vya usafi. Wasimamizi wa zamu watalisoma kwa sauti pale watu wanapokabidhiana zamu. Mwombaji wa ndani ambaye hakuchaguliwa atapewa sababu kwa maandishi akiziomba. Kuhusu ukomo wa kukaimu hatujafikia makubaliano, na sitaki mtu yeyote aondoke akidhani jambo hilo limekwisha.

Wiki chache zilizopita nilizunguka mbao zote nikiwa na katibu. Katika kibanda cha walinzi tangazo la mafunzo ya kompyuta lilikuwa limetundikwa kwa msumari juu ya daftari la mahudhurio, na mtu fulani alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu tarehe ya mwisho, akaandika pembeni majina mawili ya wenzake wa zamu ya usiku ili wasipitwe. Nilisimama pale kwa muda nikiyatazama maandishi yale. Mbao mbili nyingine, nasikitika kusema, bado zilikuwa na matangazo ya muhula uliopita, na tumeliandikia barua suala hilo.

Suala la likizo ya masomo linafuata moja kwa moja. Bado kuna wanaoiona likizo hiyo kuwa fadhila ya mkuu wa idara, apewe anayependeza na anyimwe asiyependeza. Tangu mwaka 1974 upo Mkataba Na. 140 wa ILO unaohusu likizo ya masomo yenye malipo, unaoizungumzia kuwa ni ruhusa ya mfanyakazi kwa ajili ya elimu, kwa kipindi maalumu, ndani ya saa za kazi, huku akipata malipo ya kutosha. Si kila nchi imeuridhia, lakini msingi wake unaeleweka na yeyote aliyewahi kufundisha: taasisi inayouza elimu kwa wengine haiwezi kuwanyima elimu watu wake. Tumeomba chuo kitengeneze orodha ya zamu ya masomo kwa kila idara, ya miaka mitatu mbele, inayoonekana na wote, ili mtu ajue mwaka wake ni upi na asilazimike kuuvizia.

Hapa nina neno pia kwa ajili ya wanaobaki. Mwenzetu anapokwenda masomoni, vipindi vyake hugawanywa kwa waliopo, na mara nyingi hugawanywa bila posho na bila kupunguziwa kazi nyingine. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa kazini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, likaueleza kuwa ni hali inayotokana na msongo sugu wa kazini ambao haujashughulikiwa ipasavyo, na likasisitiza kwamba si ugonjwa. Maana yake kwetu ni kwamba dawa yake haiko zahanati. Iko kwenye mgawanyo wa kazi. Kamati imependekeza kwamba hakuna likizo ya masomo itakayoidhinishwa bila maelezo ya maandishi ya nani atafundisha nini na atalipwaje, na mapendekezo hayo yanasubiri kikao kijacho cha menejimenti.

Wahadhiri wa muda ndio kundi ambalo nakiri tulichelewa kulisemea. Wanafundisha madarasa yale yale, wanasahihisha mitihani ile ile, lakini mikataba yao hukoma mwisho wa muhula, na malipo huja baada ya alama kuingizwa, wakati mwingine muda mrefu baadaye. Mmoja wao nilimkuta jioni ameketi kwenye ngazi za jengo la mihadhara, vitabu vya majibu vikiwa magotini, akisahihisha kwa mwanga wa taa ya ukumbini kwa sababu hakuwa na meza. Pendekezo la UNESCO la Novemba 1997 kuhusu hadhi ya wafanyakazi wanaofundisha katika elimu ya juu linataka wanaofundisha kwa muda wapate malipo yanayolingana na sehemu ya kazi wanayoifanya, pamoja na masharti ya msingi ya ajira, yakiwamo likizo yenye malipo, likizo ya ugonjwa na likizo ya uzazi. Sisi tumepata chumba kimoja chenye meza na makabati yanayofungika. Ni hatua ndogo, na wenye chumba hicho wameifurahia, lakini mikataba ya mwaka mzima bado hatujaipata na tutaendelea kuidai.

Katika usalama kazini kuna nafuu. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO uliyaingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika orodha ya kanuni na haki za msingi za kazi, sambamba na uhuru wa kujiunga na vyama. Tulilitumia hilo kuomba ukaguzi wa maabara. Fundi alitufungulia kabati la kuvutia mvuke wa kemikali, akaliwasha, akashikilia ukanda wa karatasi laini mbele ya mlango wake. Karatasi ilining'inia tu bila kuvutwa ndani. Mashine ilikuwa ikinguruma tu. Kabati hilo limefungiwa hadi litengenezwe, chupa za asidi zimeteremshwa kutoka rafu za juu ya usawa wa macho, na bomba la kuoshea macho, ambalo mtu aliyerukiwa na kemikali anapaswa kulitumia kwa dakika 15 mfululizo, sasa linatoa maji.

Sera ya kuzuia unyanyasaji imeandikwa upya na iko kwa wanasheria wa chuo. Tumeijenga juu ya Mkataba Na. 190 wa ILO wa mwaka 2019, ambao ulianza kutumika Juni 2021 na unawalinda hata wanaotafuta kazi na wanaofanya mafunzo kwa vitendo, watu ambao sera yetu ya zamani haikuwataja.

Kwa wahadhiri wanaosubiri kupandishwa daraja nina ombi la dhati. Barua pepe zinazousifu utafiti wako bila kuutaja, zinazoahidi kuuchapisha ndani ya siku chache na kumalizia kwa kiasi cha kulipa, zitupeni. Wenzetu wamepoteza fedha zao kwa majarida hayo ya ulaghai, na kilicho kichungu zaidi, wamepoteza makala ambayo ilikuwa kazi nzuri. Lawama si yao peke yao. Kamati ya vyeo inapohesabu idadi ya makala bila kuzisoma, inawasukuma watu huko. Ndiyo sababu tumeiomba kamati hiyo izingatie Tamko la San Francisco kuhusu upimaji wa utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, ambalo linataka kazi ipimwe kwa ubora wake yenyewe, si kwa kipimo cha jarida ilimochapishwa.

Habari za wenzetu ni za furaha na za huzuni. Tumewapokea wakutubi wapya na mhasibu msaidizi, tumewaaga wastaafu, na tumewazika wawili tuliowapenda. Familia zao zimepokea rambirambi za chama kwa mujibu wa kanuni. Katika kushughulikia mafao ya wastaafu tulijifunza jambo moja ambalo kila mwanachama alifanyie kazi leo, hata aliye na miaka 20 mbele yake. Tafuta barua yako ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na kila barua ya kubadilishiwa cheo, uzitoe nakala na uzihifadhi nyumbani. Mstaafu mmoja alikaa miezi akisubiri kiinua mgongo kwa sababu barua ya kuthibitishwa haikuonekana kwenye faili lake masjala. Nakala iliyomwokoa ilipatikana ndani ya Biblia ya mkewe, imekunjwa mara nne.

Hesabu za chama zimekaguliwa na mhazini ataziwasilisha mwenyewe katika mkutano mkuu.

Mwisho ni uchaguzi. Kamati tendaji imependekeza marekebisho ya katiba yatakayoongeza viti viwili, kimoja cha wahadhiri wa muda na kimoja cha wafanyakazi wa huduma, yaani walinzi, wahudumu, madereva na watunza bustani. Marekebisho yakipita, viti hivyo vitajazwa siku hiyo hiyo ya mkutano mkuu. Fomu za kugombea zimekwisha kuwekwa kwenye mbao zote na zitabaki huko kwa siku 14. Asiyeweza kufika ofisini amkabidhi msimamizi wake wa zamu, na katibu atapita kuzikusanya asubuhi na usiku, ili zamu zote mbili zimkute.

Mwenyekiti