Mabango nayo yapewe ukuta Makavazi ya Kisumu

Mhariri,

Kuna jambo limenikera kitambo na naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nilitoe. Hapa Kisumu ukisikia kuna maonyesho ya sanaa we jua tu utakuta jua likizama ziwani, mashua, mama na ndoo kichwani, basi, na yule fundi aliyechora ubao wa kinyozi kule Kondele hakuna anayemhesabu, ati hiyo ni biashara. Kwani kazi ikilipiwa inaacha kuwa sanaa?

Wenzetu walishaamua. Kule Wilanów, Warsaw, nchini Poland, kuna makavazi ya mabango pekee tangu 1968, na New York wakafungua yao 2019. Lile bango la mchoraji Mfaransa Toulouse-Lautrec la 1891 la Moulin Rouge lilikuwa tangazo tu la klabu ya kudansi, likabandikwa kwa kuta za Paris kama lingine lolote, leo linatunzwa kwa majumba makubwa.

Na ufundi wetu si mchezo. Mwangalie fundi akianza ubao, ananyoosha uzi aliopaka chaki, anauvuta anauachilia pap! mstari huo, halafu herufi anazipanga kwa jicho tu, akiona nafasi inaisha anazibana kidogo kidogo mpaka HOTELI inaenea na mteja hashtuki. Siku hizi fleksi, yale mabango ya plastiki ya kuprintiwa, imewapokonya kazi, unatuma picha kwa simu unaprintiwa saa hiyo hiyo, na mabango mengi yamefanana hadi kivuli cha herufi. Sisemi madizaina wa kompyuta hawajui kazi, wako wakali sana, shida ni kwamba bango la shoo ya Jumamosi ikifika Jumatatu limeezeka banda la kuku.

Sasa Makavazi ya Kisumu yako tangu 1980, yametuwekea boma zima la Kijaluo, Ber-gi-dala, na samaki pia, si yanaweza kutoa ukuta mmoja? Lakini wasije wakayasafisha mabango na kuyatia fremu ya dhahabu tuyatazame tumenyamaza kama tuko kanisani. Bango lilitengenezwa limnase mtu akipita kwa boda, kwa hivyo liwekwe na gundi yake, na pale lilipochanika, kando yake picha ya ukuta lilikotoka, nani alilipia, zilichapwa nakala ngapi, na jina la aliyelichora (hili ndilo huwa linasahaulika kabisa). Hata ya wanasiasa yawekwe, uchaguzi wa 2027 huo unakuja na kila mlingoti wa stima utakuwa na sura ya mtu, waanze kukusanya kabla mvua haijayamaliza.

Na siku ya ufunguzi fundi akiitwa aje kuchora mbele ya watu alipwe pesa yake, si kupewa soda na cheti.

Msomaji wako,
Kisumu