Mkokoteni wako umekuwa jahazi

Langoni, Lamu

Twalib ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, kusi linavuma, mengine atakupa Kassimu akifika.

Picha ya mkokoteni uliouunda kwa ajili ya stesheni yako ndogo ya modeli nimeiona. Wallahi huo si mkokoteni, ni jahazi! Mpini unamfika hamali kifuani. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kidogo mara 87 kuliko halisi, mtu wa mita 1.7 ana milimita 19.5 tu, na mpini humfika kiunoni. Anza upya: kitanda milimita 22 kwa 12, yaani mbao 7 za upana wa 1.7, juu ya vipingo 3. Mipini miwili ya milimita 36, unene 1, ipite chini ya kitanda chote na mbele itokeze 14.

Na huo mvule, nani kakushauri? Mvule ni wa milango. Kitundu cha robo milimita kwenye mbao yako, ukikikuza mara 87, ni shimo la sentimita 2. Omba kipande cha mlimau, nyuzi zake zimeshikana. Kipige randa, maranda ya milimita 0.3 ndiyo mbao zenyewe. Yatajikunja, kwa hiyo yalowanishe uyabane kati ya vioo viwili mpaka yakauke. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma. Mkasi utayapasua.

Magurudumu usinunue. Waya mnene wa antena ya televisheni una kipenyo cha karibu milimita 7, sawa na tairi ya sentimita 60. Chukua kipande kifupi, ung'oe waya wa katikati kwa koleo, kisha ukate vipande vya milimita 2. Usiubonyeze wembe, biringisha waya chini yake, la sivyo utapata yai. Ganda jeusi ni tairi, cheupe cha ndani ni rimu, na ule waya uliong'oa, ukate milimita 17, ndio ekseli. Zile nyuzi za wavu wa ndani zikichomoza, zitie tone la gundi. Tairi za gari hazina kosa kwako, maana stesheni yako ina garimoshi za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoanza kazi 1955. Ungejenga stesheni ya 1901, ningekufukuza.

Rangi itangulie gundi! Gundi ikishaziba mbao, rangi haiingii, na madoa meupe hayatoki. Paka chai ya rangi kali, iache ikauke, kisha siki iliyolala na pamba ya chuma siku nzima. Chai inahitajika kwa kuwa siki hiyo peke yake kwenye mlimau hutoa rangi hafifu. Pamoja hutoa kijivu cha mbao zilizopigwa na jua. Tairi zisugue msasa, zising'ae.

Misumari niliyoiona kwenye picha, ing'oe yote. Kichwa cha msumari halisi kwa kipimo hiki ni kama milimita 0.1 tu. Na mkokoteni usio na mtu haukai sawa kama meza, mipini huangukia chini. Ni huo mvule tu, kila nikiitazama picha...

Je, hamali wako amesimama au anasukuma? Shehena ni magunia au madebe? Waya wa antena unao, au nimpe Kassimu? Na ile saa ya Bi Rukia umeitengeneza, au bado imelala kabatini?

Wako,
Athmani