Someni mpaka juzuu ya 31 ndipo mseme

Mhariri,

Gazeti lako nalinunua mwaka wa kumi na tisa huu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari ya Jumapili, kwamba katuni za Kijapani zinawafundisha wanafunzi wetu uhuni, imeninyima usingizi.

Mwandishi wako alichukua picha moja tu ya Slam Dunk, kitabu cha michoro cha Kijapani kuhusu mpira wa kikapu, ile ya wahuni kuvamia ukumbi wa mazoezi, akaijengea habari nzima. Angeendelea kusoma tu angemkuta kiongozi wa wavamizi hao, Mitsui, amepiga magoti mbele ya kocha mzee Anzai, uso umevimba kwa kipigo, analia na kuomba arudishwe kwenye timu. Aliumia goti akiwa kidato cha mwanzo, akaona haya, akaukimbia mchezo anaoupenda kuliko vyote. Mimi nafundisha michezo sekondari hapa Tanga, na vijana wa aina hiyo nimewapoteza wengi. Ukurasa ule nimewasomea wachezaji wangu mara mbili.

Halafu kitabu chenyewe kinachekesha, jambo ambalo habari yenu haikuligusa kabisa. Kimechorwa na Takehiko Inoue, kikatoka kwa mfululizo Japani kuanzia 1990 hadi 1996, juzuu 31. Sakuragi, kijana mwenye nywele nyekundu wa sekondari ya Shohoku, amekwisha kukataliwa na wasichana hamsini. Huyo wa hamsini alimpenda mchezaji wa kikapu, basi Sakuragi anauchukia mpira wa kikapu kama sumu. Anatokea msichana mwingine, Haruko, na kumuuliza kama anaupenda mchezo huo. Papo hapo anajibu anaupenda mno. Anajiandikisha timuni kwa uongo huo. Anajiita fundi asiye na mfano, na kazi anayopewa ni kudunda mpira pembeni ya ukumbi, siku baada ya siku, wenzake wakicheza. Mechi zake za mwanzo za mashindano anatolewa kwa makosa matano kila mara. Dhidi ya timu ya shule ya Kainan anakosea pasi sekunde za mwisho, mpira unatua mikononi mwa mpinzani, timu inafungwa 90 kwa 88, naye ananyoa nywele zote kwa uchungu. Baadaye kocha anamweka mazoezini peke yake mpaka atimize mitupo elfu ishirini. Elfu ishirini, Mhariri! Mimi nikiwaambia vijana wangu watupe mia mbili wananitazama kama nimewatukana. Tangu wasome juzuu zile, wapo wawili wanaofika kiwanjani kabla yangu.

Sasa nikueleze habari yenu imefanya nini. Jumanne asubuhi mkubwa mmoja wa shule, gazeti likiwa kwapani, aliingia darasani akamkuta mchezaji wangu wa ulinzi, wa kidato cha pili, ana juzuu ya sita kwenye begi. Ilikuwa kwenye begi, wala hakuwa anaisoma wakati wa somo. Mkubwa akaifungua upande wa kushoto, akakutana na ukurasa wa mwisho, akatangaza kwamba hata uchapaji wake ni wa kihuni, kimepangwa kinyumenyume. Mtoto akasema kwa adabu, “Samahani mwalimu, kinaanzia huku,” akionyesha upande wa kulia, kwa maana Wajapani husoma hivyo. Kwa neno hilo akaitwa mjeuri, akachapwa viboko vitatu, na kitabu kikachanwa katikati mbele ya darasa. Kitabu kile ni changu. Nilimwazima mimi, baada ya kumsubiri ndugu yangu aniletee kutoka Nairobi miezi minne. Jioni mtoto alinirudishia vipande viwili ndani ya mfuko wa mkate, amevipanga kurasa kwa kurasa, na akaniomba radhi yeye! Nilikosa la kumwambia.

Na kama kweli tunatafuta kinachowatia vijana uhunini, mwandishi wako aje aone kiwanja chetu. Ringi moja imepinda tangu mvua za mwaka juzi, nyingine haina wavu, na siku za mikutano ya wazazi magari yanaegeshwa mpaka mstari wa katikati. Saa kumi jioni mtoto asiye na pa kuchezea ataenda wapi? Hilo halijawahi kupata hata robo safu gazetini.

Huko Japani, tangu 2006 upo ufadhili wenye jina la kitabu hiki unaowapeleka vijana wanaomaliza sekondari kucheza na kusoma Marekani. Kwetu kinachanwa.

Ombi langu ni hili. Tengeni nusu ukurasa kila Jumamosi kwa ajili ya vitabu vya michoro, na asiandike mtu ambaye hajakimaliza kitabu. Muanze na hiki. Mwandishi wako afike mechi dhidi ya timu ya Sannoh, mahali ambapo dakika ya mwisho imechorwa karibu yote bila neno, wachezaji wanakimbia tu na mpira uko hewani, kisha aniambie kama mikono haikumtetemeka. Asiwasimulie wasomaji matokeo.

Juzuu ya kwanza hadi ya tano ninazo nzima. Akija Tanga nitamwazima, mradi azirudishe kabla ya shule kufungwa, kwa sababu kuna watoto kumi na mmoja kwenye orodha wanazisubiri.

Mwalimu wa michezo,
Tanga