Kwa wanangu mliomaliza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, na wazazi wenu pia

Wanangu, salaam. Leo nina hasira. Kijana wetu mmoja hapa Bombo kapata pointi 20 kati ya 20, chuo cha Marekani kikampokea, msaada ukaja kidogo mpaka mama yake akalia. Kumbe fomu ya hela alijaza baba, kaandika mshahara wa bosi, kiduka chake kikaitwa kampuni, shamba la ukoo mzima akalifanya lake, eti Wazungu wasituone masikini. Jamani! Msaada wa kuangalia uwezo hesabu yake ni hii, wanachukua gharama ya chuo wanatoa kile familia inaweza kulipa, pengo linalobaki ndo kiasi wanachoweza kukusaidia, sasa wewe ukijitajirisha kwenye karatasi nani akuonee huruma? Na Harvard, Yale na Princeton hawana skolashipu ya maksi kabisa, hata uwe wa kwanza Uganda nzima wanaangalia mfuko wa nyumbani kwenu.

Skolashipu ya maksi ni kitu kingine, haiulizi baba ana nini, inataka alama au kipaji, na nyingi ukishuka darasani wanaikata.

FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, si yenu, ni ya Wamarekani na wenye ukaazi wa huko, nyie mtaulizwa sana sana CSS Profile, fomu ya mtandaoni inayouliza mali na kipato cha familia. Mkopo wa bodi ya serikali yetu ya Uganda ulioanza 2014 ni deni, utalipa. Tarehe za mwisho someni wenyewe, msingoje kuambiwa.

Na serikali yetu nayo! Nafasi zake nyingi za kulipiwa vyuo vikuu zinaenda kwa pointi, kwa hiyo wanazibeba watoto wa shule ghali za Wakiso na Mukono, ambao wazazi wao wangeweza kulipa, halafu mtoto wa Koboko aliyesoma bila maabara anaachiwa agombanie kota ya wilaya, zile nafasi chache zinazotengewa kila wilaya. Aliye nacho anaongezewa. Hapo hapo kuna watu wana magari mawili wanaenda kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, kutafuta barua ya umasikini, hao sijui niwaambie nini, wanakula sahani ya yatima.

Baba kijana, najua utasoma hii. Usimfokee mtoto. Andikia ofisi ya msaada ya kile chuo, vyuo vingi vinakubali kuangalia hesabu upya, waambie ulikosea na uweke karatasi za kweli, za duka na za shamba. Kama unaona haya kwenda kwa mwenyekiti kuomba barua, nipitie asubuhi twende wote.