Mheshimiwa, tuletee tu mwalimu wa kemia

Kwako Mheshimiwa,

Salamu nyingi. Natumai uko salama na hiyo V8 haijakwama mahali, juu huku Mathare mvua ikinyesha hata mkokoteni haupiti.

Mimi ni mzazi wa Fomu 4 kwa ile shule ya kutwa ulikuja wakati wa kampeni ukasimama juu ya gari ukasema mtajengewa maabara ya kisasa, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Maabara iko. Ni klasi ya kawaida, sinki mbili hazina maji, na kabati ya kufuli. Msichana wangu anasema kuna bureti moja, ule mrija wa kupimia, mwalimu alikuwa anaiinua juu kama padri na kikombe ndio wa nyuma nao waione. Na pepa ya tatu ya kemia kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni praktikali, hapo ni mikono inafanya kazi si macho.

Sasa hata huyo wa kuinua ameenda. Jumatatu walikaa dabo nzima, vipindi viwili vya kemia, bila mtu. Alikuwa wa BOM, yaani ameandikwa na bodi ya shule, analipwa na sisi wazazi, na sisi ndio wale wa kufulia watu nguo Eastleigh, kwa hivyo alikuwa analipwa ikipatikana. Saa hii ako na boda Juja Road na simlaumu, hata yeye ako na landilodi.

Tangu 2008 tunaambiwa sekondari ya kutwa ni bure. Mkasema ni shilingi 22,244 kwa kila mtoto kwa mwaka, nusu inakuja muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. 2025 Hazina yenyewe ikaambia wabunge pesa haitoshi. Sawa, haitoshi, lakini mbona ni mtoto wangu anarudishwa nyumbani na barua ya "motisha ya walimu"? Labda pesa inakwama njiani, labda kuna mtu anakula, mimi sijui, wenye ofisi ni nyinyi.

Hiyo maabara ya kisasa wacha tu, utakuja kukata utepe ukipata nafasi. Praktikali haiko mbali. Leta mwalimu wa kemia. Akikuja na bureti ni sawa, lakini mwalimu kwanza. Hata wa kontrakti, hata wa nusu siku, bora ni wa kemia na akuje mwezi huu.

Ni mimi,
Mzazi, Mathare